Nani Alipe Tangazo Likikosewa?

Jambo ninalotaka tulitafakari mwezi huu limetokea mbali na kwetu, huko India, lakini ye yote aliyepata kuajiriwa na serikali, au aliyemsomesha kijana akawa mwalimu, atalielewa upesi. Swali lenyewe ni hili: mtu akiajiriwa kwa sifa ambazo wakuu wenyewe walitangaza kuwa zinatosha, halafu miaka ikapita na mahakama ikasema tangazo lile lilikuwa batili, je, ni haki kumwondoa mtu huyo kazini? Na kama si haki, watoto ambao yeye hakufundishwa namna ya kuwafundisha tuwaambie nini?

Kwanza habari yenyewe, maana bila habari tutabishana hewani. Mwaka 2002 Katiba ya India iliongezwa kifungu kinachompa kila mtoto wa miaka 6 hadi 14 haki ya kusoma bila malipo. Sheria ya kukitekeleza ilipitishwa mwaka 2009, ikaanza kazi tarehe 1 Aprili 2010. Ndani yake imeandikwa kwamba hakuna atakayeajiriwa kuwa mwalimu wa watoto hao pasipo kuwa na sifa za chini zitakazowekwa na chombo maalum. Chombo hicho ni Baraza la Taifa la Elimu ya Ualimu, nalo lilitoa orodha yake tarehe 23 Agosti 2010. Kwa madarasa ya 1 hadi 5, mwalimu awe amemaliza sekondari yote, awe na diploma ya miaka 2 ya kufundisha watoto wadogo, na awe ameshinda mtihani wa kustahili, ambao alama yake ya kawaida ya kushinda ni 60 kwa 100. Wenye shahada ya ualimu, waliofundishwa kwa ajili ya wanafunzi wakubwa zaidi, mahali pao palikuwa madarasa ya juu.

Tarehe 28 Juni 2018 Baraza lile lile likatoa tangazo jingine. Shule za serikali kuu, zile zinazowasomesha watoto wa watumishi wanaohamishwa mara kwa mara, zilikuwa zimelalamika kwamba hazipati walimu wa kutosha wenye diploma. Wizara ikaagiza, Baraza likatii: kuanzia siku hiyo mwenye shahada ya ualimu aliruhusiwa kuajiriwa kufundisha hata darasa la 1, ilimradi katika miaka 2 ya kwanza ya kazi apate mafunzo ya miezi 6 ya kumjenga kwa watoto wadogo.

Hapo mzozo ulianza. Mwezi Januari 2021 jimbo la Rajasthan (jimbo hapa ni la serikali, si dayosisi) lilitangaza mtihani wake wa kustahili bila kuwaingiza wenye shahada. Wenye shahada wakaenda mahakamani wakidai tangazo la 2018 liheshimiwe. Wenye diploma nao wakaenda, wakidai tangazo hilo lifutwe. Tarehe 25 Novemba 2021 Mahakama Kuu ya Rajasthan ikawapa haki wenye diploma. Shauri likapanda mpaka Mahakama ya Juu ya India, ambayo tarehe 11 Agosti 2023 iliithibitisha hukumu ile. Waheshimiwa majaji walisema kwamba haki ya mtoto si kukalishwa tu darasani bila kulipa ada, bali ni kupata elimu iliyo bora, na kwamba mwalimu aliyeandaliwa kwa ajili yake ni sehemu ya ubora huo. Walisema pia kwamba Baraza halikutumia akili yake lenyewe katika kutoa tangazo, lilifuata tu agizo kutoka juu.

Naomba tusimame hapa kidogo, kwa kuwa wengi wakisikia habari hii hushangaa. Inakuwaje mwenye shahada azuiwe na mwenye diploma akubaliwe? Tumezoea kuipanga elimu kama ngazi, aliye juu akidhaniwa kuwa anaijua kazi ya kila aliye chini yake. Lakini sivyo. Fundi ajuaye kuunda jahazi hawezi kusema kwa sababu hiyo tu kwamba ajua kufinyanga chungu, ingawa jahazi ni kubwa na chungu ni kidogo. Kumfundisha mtoto wa miaka 6 kushika kalamu, kutenganisha sauti za maneno, kuhesabu vijiti, kutulia na kucheza kwa wakati wake, ni ufundi kamili unaosomewa. Mwenye shahada alisomea ufundi mwingine. Mahakama haikumwita mjinga. Ilisema tu kwamba sifa yake, hata iwe kubwa namna gani, si ya kazi hii. Kwa upande huu mimi nawaunga mkono majaji kabisa. Na nadhani wazazi wengi wa hapa kwetu, tunaodhani darasa la 1 linaweza kupewa mwalimu ye yote aliyebaki, tungefaidika kuisoma hukumu ile.

Basi kama mambo yangeishia hapo tungesema haki imetendeka, tukafunga daftari. Lakini kati ya Juni 2018 na Agosti 2023 majimbo mbalimbali yalikuwa yameajiri wenye shahada katika shule za msingi. Watu hawa hawakughushi kitu. Walisoma tangazo la serikali, wakaomba, wakafanya mtihani, wakashinda, wakapewa barua, wakahamia vijijini walikopangiwa. Wengine waliacha kazi nyingine. Sasa wameambiwa mlango walioingilia haukupaswa kufunguliwa.

Tofauti hii ni muhimu kuitunza. Sisi Watanzania tunakumbuka mwaka 2017, serikali ilipowaondoa watumishi wa umma 9,932 kwa sababu ya vyeti vya kughushi. Mwenye cheti cha kughushi alijua anachokifanya. Aliyedanganywa ni mwajiri. (Hata hivyo mwaka 2022 serikali iliamua warudishiwe michango yao wenyewe ya mifuko ya hifadhi, na wengi waliona ni jambo la utu.) Mwalimu wa India mwenye shahada yuko upande wa pili kabisa wa jambo hili. Yeye ndiye aliyemwamini mwajiri.

Pana mfano mwingine wa kwetu unaofanana zaidi. Katika uhakiki ule ule wa 2017 waliondolewa pia watumishi walioishia darasa la saba, kwa kuwa kanuni zilitaka mtumishi awe amefika kidato cha nne. Baadaye, mwaka 2018, serikali ilitamka kwamba walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004, yaani kabla ya sharti hilo kuanza, warudi kazini, maana walipoajiriwa hawakuvunja kanuni yo yote. Tarehe moja tu kwenye kalenda, nayo iliwatenganisha waliorudi na wasiorudi.

Mahakama ya Juu ya India nayo ilishika njia ya tarehe. Tarehe 8 Aprili 2024 ilifafanua kwamba hukumu yake inatazama mbele: mwenye shahada aliyeajiriwa kabla ya tarehe 11 Agosti 2023, kwa tangazo lililomtaja kuwa anastahili, na ambaye ajira yake haikuwekewa sharti na mahakama yo yote, asiondolewe. Wengine wanaiona njia hii kuwa ya kubahatisha. Aliyeajiriwa tarehe 10 yuko salama, wa tarehe 12 yuko nje, na mtoto anayefundishwa nao hawezi kuona tofauti yao. Ni kweli. Lakini mimi siioni njia nyingine iliyo ya haki zaidi. Sheria haina budi kuanza siku fulani, na siku inayofaa ni ile ambayo mtu wa kawaida aliweza kujua. Kumlaumu mtu kwa asilokuwa na namna ya kulijua ni jambo ambalo hata mtoto mdogo hulikataa akifanyiwa na kaka yake.

Ugumu unakuja kwa wale walioajiriwa wakati kesi ikiendelea au baada ya hukumu, huku barua zao zikiwa na maneno kwamba ajira hii itategemea uamuzi wa mahakama. Jimbo la Chhattisgarh lilitangaza nafasi mwezi Mei 2023, mtihani ukafanyika Juni, na watu wakaanza kupewa barua baada ya hukumu ya Agosti kwisha kutolewa. Wengi walipangwa sehemu za Bastar na Surguja, nchi ya misitu na makabila maskini, ambako walimu ni adimu. Mwezi Aprili 2024 Mahakama Kuu ya jimbo hilo iliamuru nafasi hizo wapewe wenye diploma. Agosti rufani ikakataliwa. Na kuanzia mwisho wa Desemba 2024 barua za kuachishwa zikatolewa kwa maelfu. Walimu wakapiga kambi mjini Raipur kwa miezi mingi wakilalamika.

Je, hawa walionywa? Ndiyo, walionywa kwa maandishi. Je, onyo linatosha? Hapa ndipo ninapotaka msomaji anisikilize kwa makini, hata kama mwishowe hatakubaliana nami. Onyo hupunguza dai la mtu, haliliondoi lote. Kijana aliyetafuta kazi ya serikali kwa miaka, akipewa barua yenye mistari 20 ya matumaini na mstari 1 wa sharti, atatia sahihi. Wewe na mimi tungetia sahihi. Serikali iliyoandika mstari ule ilikuwa na mawakili, ilikuwa na nakala ya hukumu, iliweza kusubiri. Kati ya wawili hao, aliyejua zaidi na kuweza zaidi ndiye aliyesonga mbele akamchukua mwenzake naye. Akija kuniambia kwamba yule kijana alijua hatari, nitamjibu kwamba yeye aliijua vizuri zaidi.

Lakini tusije tukawasahau wenye diploma, kama wanavyosahauliwa na watu wenye huruma ya haraka. Nao walitii tangazo. Mwaka 2010 waliambiwa: anayetaka kufundisha watoto wadogo asome diploma hii ya miaka 2. Wakasoma. Wazazi wao wakalipa. Na diploma hiyo peke yake haiwapeleki kwingine. Mwenye shahada anaweza kuomba nafasi katika madarasa ya juu, wao mlango wao ni huu mmoja. Tangazo la 2018 liliwaletea mbele yao wenye shahada kwa wingi. Kwa hiyo tukisema kwamba imani njema ya aliyeajiriwa ilindwe, hatuna budi kukiri kwamba imani njema ilikuwapo pande zote mbili, na nafasi ilikuwa moja. Huruma peke yake haiwezi kuamua shauri la namna hii, kwa kuwa kila upande ungeweza kuidai.

Na mtoto? Katika kesi nzima mtoto wa darasa la 1 hakuwa na wakili wake. Wenye diploma walizungumza juu yake kwa kuwa iliwafaa. Wenye shahada walisema wanampenda, na bila shaka ni kweli. Majaji ndio waliojaribu kumwona. Mwenye kunung'unika kwamba majaji walikuwa wakali ajiulize kwanza angependa mwanawe ajifunze kusoma kwa nani.

Tumebakiwa na wa nne, naye ndiye ninayemtaka. Ni yule aliyeagiza, na yule aliyetii agizo akaliita uamuzi wa kitaalamu. Tazama jinsi mambo yalivyokwenda. Mwenye shahada alipoteza kazi au usingizi. Mwenye diploma alipoteza miaka. Mtoto alipata mwalimu asiyefundishwa kumfundisha, au katika miezi ya mabadiliko akakosa mwalimu kabisa. Waliotoa tangazo walipoteza nini? Mishahara yao iliendelea. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mzigo wa mwalimu kijijini, ukitazamwa kutoka dirisha la ofisi ya Delhi, ni mwepesi kweli.

Nionavyo mimi, hapa ndipo penye jibu la swali letu, au sehemu yake kubwa. Watu hubishana kana kwamba kuna mambo mawili tu: abaki mbele ya darasa, au aende zake. Lakini haki ya kusimama mbele ya darasa la 1 ni kitu kimoja, na haki ya kutotupwa ni kitu kingine. Ile ya kwanza mwenye shahada hana, kwa sababu hakusomea, na imani yake njema haimfanyi awe amesomea. Ile ya pili anayo, na anaidai kwa aliyemwalika. Aliyemwita mgeni, kisha akagundua kwamba nyumba si yake ya kukaribishia, hawezi kumwambia mgeni alale barabarani, amtafutie mahali. Kumhamishia madarasa ya juu, kumpa kazi nyingine ya elimu, kumlipia masomo yanayopungua: hayo ni deni, si hisani. Yale mafunzo ya miezi 6 yaliyoahidiwa tangu 2018, kwa wale waliosalimika kwa amri ya 2024, taasisi ya taifa ya elimu huria ilipewa kuyaendesha mwaka 2025. Miaka 7 baadaye!

Najua mtu atauliza: na uzoefu je? Mtu akifundisha miaka 10, je, kazi yenyewe haikumfundisha? Jimbo la Uttar Pradesh lilikuwa na shauri la namna hiyo, kubwa kuliko yote niliyotaja. Tangu mwaka 1999 lilikuwa likiwachukua vijana wa vijijini waliomaliza sekondari, kwa mkataba wa miezi 11 na posho ndogo, wasaidie kufundisha. Baadaye jimbo likaamua kuwafanya walimu kamili, na zaidi ya watu 130,000 wakapandishwa. Mahakama Kuu ya Allahabad ikabatilisha mwezi Septemba 2015, na Mahakama ya Juu ikathibitisha tarehe 25 Julai 2017: wengi hawakuwa wameshinda mtihani wa kustahili, na jimbo halina uwezo wa kulegeza sifa zilizowekwa kwa nchi nzima. Lakini majaji waliongeza neno la upole: wapewe nafasi 2 za kuomba upya, umri wao usihesabiwe, na miaka yao ya kazi ipewe uzito. Walioshindwa walirudi kwenye posho, ambayo mwaka ule iliwekwa rupia 10,000 kwa mwezi, sehemu ndogo tu ya mshahara waliokwisha kuuzoea.

Uzoefu ni neno lenye pande mbili. Yuko aliyefundisha miaka 15 akazidi kuwa mzuri kila mwaka, na yuko aliyefundisha mwaka 1 akaurudia mara 15. Sisi tuliowaona walimu wa UPE tunajua. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 taifa lilitaka kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977, walimu hawakuwapo, basi vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu huku huku vijijini wakiwa wanafundisha. Walichekwa sana, na wengine walistahili. Lakini watu wengi wa umri fulani nchini humu walijua kusoma kwa mikono yao. Jambo la kuangalia ni kwamba waliowachukua hawakuwaacha hivyo hivyo. Walipangiwa masomo kwa njia ya posta na redio, na waratibu wa kuwatembelea. Sifa ilipungua, njia ya kuifikia ikawekwa. Anayeweka sifa bila njia ya kuifikia amejenga ukuta tu.

Kwa kipimo hicho, hukumu nyingine, ya tarehe 1 Septemba 2025, mimi inanipa taabu. Mahakama ya Juu ilisema kwamba hata walimu walioajiriwa kabla ya sheria ya 2009 sharti washinde mtihani wa kustahili. Waliobakiza chini ya miaka 5 kustaafu waendelee, ila wasipandishwe cheo; wengine wamepewa miaka 2, na atakayeshindwa atastaafishwa na kulipwa mafao yake. Swali la shule za makundi ya dini zilizo chache nchini humo lilipelekwa kwa jopo kubwa zaidi. Naiona nia ya majaji, na miaka 2 si kidogo. Lakini mwalimu wa mwaka 1995 alitimiza kila alichoombwa siku ile, na huu ndio msingi ule ule uliowaokoa wale wa kabla ya Agosti 2023. Sioni vizuri kwa nini umfae mmoja usimfae mwingine. Labda mwanasheria mmoja miongoni mwa wasomaji ataweza kunieleza. Mhariri atampa nafasi.

Wale wa Chhattisgarh hawakuachwa. Tarehe 30 Aprili 2025 baraza la mawaziri la jimbo liliamua kwamba walimu 2,621 kati yao wapewe kazi ya walimu wasaidizi wa maabara za sayansi katika shule za juu. Cheo ni kile kile cha mwalimu msaidizi, na darasa la 1 wameliachia wenye diploma. Ila kazi ya maabara nayo ina sifa zake, na baadhi yao walikuwa wamesoma historia na lugha, hawajapata kushika chupa ya dawa tangu utoto. Hao walipewa miaka 3 ya kutimiza masomo ya sayansi yanayotakiwa.